Gia ya Pili Ikiwa Baridi: Jinsi ya Kuipima Ferrari ya V12 Yenye Gia za Mkono

Sifa zinazomiminwa siku hizi juu ya magari ya Ferrari yenye injini mbele na gia za mkono zimekosa kipimo. Gari lolote lenye bamba la chuma linalong'aa chini ya liva ya gia huitwa adimu, safi na la kurithisha wana, hata pale ambapo bamba hilo lilifungwa miaka mingi baada ya gari kutoka kiwandani, na giaboksi yake hukwaruza kila inapoombwa gia ya pili. Wanunuzi wanaotoa fedha nyingi kwa magari ya namna hiyo wana macho, ila hawajaonyeshwa pa kutazama, na wauzaji wasiostahili faida hiyo ndio wanaoivuna.

Magari yanayohusika hapa ni ya jamii ya gran turismo, yaani magari ya kasi yaliyoundwa kuwabeba watu wawili au wanne na mizigo yao kwa mamia ya kilometa bila kuwachosha, tofauti na gari la mashindano ambalo halijali mgongo wala masikio ya aliye ndani. Mfano ulio bora kuliko yote ni 550 Maranello, iliyozinduliwa mwaka 1996 katika uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, ikiwa na injini ya V12, yaani silinda 12 zilizopangwa katika safu mbili zinazokutana chini, yenye ujazo wa lita 5.5 na nguvu za farasi 485. Giaboksi yake haikukaa nyuma tu ya injini kama ilivyo katika magari mengi, bali iliungwa pamoja na difu kwenye magurudumu ya nyuma ili uzito ugawanyike, mpango ambao Ferrari iliuingiza katika magari ya barabarani mwaka 1964 kwa 275 GTB na kuuendeleza katika 365 GTB/4, ambayo dunia huijua kwa jina la Daytona.

Kila 550 iliyotoka kiwandani ilikuwa na klachi ya kukanyaga na gia 6 za mkono, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kuinunua. Mwaka 2002 ilifuata 575M Maranello, na hapo mnunuzi akapewa hiari ya mfumo ulioitwa F1, ambamo kompyuta na pampu ya haidroli hufanya kazi ya mguu na mkono, na dereva huvuta tu vibawa viwili vilivyo nyuma ya usukani. Wanunuzi wengi walichagua vibawa. Katika 575M zipatazo 2,056 zilizotengenezwa, zilizokuwa na gia za mkono zinahesabiwa kuwa 246. Za 612 Scaglietti, iliyotoka mwaka 2004, zinahesabiwa kuwa 199. Na za 599 GTB Fiorano, ya mwaka 2006, ni takriban 30. FF ya mwaka 2011 na F12berlinetta ya mwaka 2012 zilikuja bila klachi ya kukanyaga kabisa, na tangu hapo bei ya zile chache zilizosalia ikaanza kuwatoa watu akili.

Uchache, hata hivyo, ni hesabu ya kiwanda, wala hausemi lolote kuhusu hali ya gari lililo mbele ya mnunuzi. Kinachosema ni gia ya pili, nayo isikilizwe wakati giaboksi ni baridi. Jambo hili ndilo ambalo mgeni wa magari haya hulikosa kila mara, kwa hiyo linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Ndani ya giaboksi mna pete ambazo mafundi huziita sinkronaiza, na kazi yake ni kusuguana na uso wa gia inayoombwa mpaka mizunguko ya pande mbili ilingane, ndipo meno yaingiane bila kugongana. Ili pete ishike, sharti kwanza iusukume kando utando wa oili uliopo kati yake na gia, na oili ikiwa baridi huwa nzito na utando huo hukataa kuondoka. Tatizo huonekana zaidi katika gia ya pili kwa sababu tofauti ya mizunguko kati ya gia ya kwanza na ya pili ni kubwa kuliko kati ya gia nyingine zinazofuatana, hivyo pete yake hubebeshwa kazi nzito kuliko wenzake. Kwa sababu hiyo, 550 yenye giaboksi nzima, ikiwashwa asubuhi baada ya kulala usiku kucha, huikataa gia ya pili kwa adabu: liva hufika mlangoni, hukutana na ukinzani mgumu usio na kelele, kisha huingia ikisukumwa polepole kwa vidole viwili, au dereva mwenye busara huiruka na kwenda moja kwa moja gia ya tatu.

Hapa ndipo mgeni hupotea mara mbili. Kwanza, huudhani ukinzani huo kuwa ubovu, akaikimbia giaboksi nzima na kwenda kununua nyingine iliyoandaliwa kumpendeza. Pili, hutazama mshale wa joto la maji kwenye dashibodi, akauona umesimama katikati baada ya dakika chache, akaamini kwamba gari lote limepata moto, ilhali mshale huo unaeleza habari za injini iliyo mbele. Giaboksi iko nyuma, mbali na moto wa silinda, na oili yake hupashwa hasa na msuguano wa gia zenyewe, kwa hiyo huhitaji kilometa 15 au zaidi za mwendo kabla ya kulainika. Baada ya hapo gia ya pili inapaswa kuingia kwa mlio mmoja mwepesi wa chuma kugusa chuma, na mlio huo ni nadra katika magari yanayotengenezwa leo. Ikiwa imeshapata moto na bado inakwaruza, hasa pale dereva anaposhuka kutoka gia ya tatu, pete zimekwisha. Giaboksi itashushwa, na gharama yake inaweza kumeza faida yote ambayo mnunuzi alidhani ameipata.

Walaghai wanalijua jambo hili vizuri kuliko wanunuzi. Hila ya kawaida ni kulizungusha gari barabarani saa moja kabla ya mnunuzi kufika, kisha kuliegesha na kuiacha injini ipoe kidogo, ili mgeni akigusa boneti aone pana uvuguvugu tu. Dawa yake ni kuinama nyuma ya gari na kukiweka kiganja karibu na ganda la giaboksi, ambalo muuzaji hakulifikiria. Hila ya pili ni kubadilisha oili ya giaboksi kwa nyepesi kuliko ile iliyoelekezwa na kiwanda, jambo linaloifanya gia ya pili iingie kwa ulaini asubuhi na kuyaacha meno na beringi bila kinga panapo joto na kasi. Kwa hiyo ulaini wa mapema mno ni dalili mbaya, na mnunuzi anayeufurahia anafurahia kile kitakachomgharimu.

Hila ya tatu ni ya wenye ustadi, nayo huumiza zaidi kwa sababu inautumia ufundi mzuri kwa nia mbaya. Madereva wa zamani wa malori ya Leyland na Bedford, ambao giaboksi zao hazikuwa na msaada mwingi wa sinkronaiza, walizoea kukanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kuitoa gia, kisha kuiachia klachi gia ikiwa huru na kuongeza mafuta kidogo wanaposhuka gia, halafu kuikanyaga tena na kuingiza gia inayofuata mizunguko ikiwa imeshalingana. Waliofundishwa na watu hao waliweza kupanda kilima na mzigo bila kutoa mlio hata mmoja wa meno, na ni huzuni kwamba maarifa hayo yanakwenda kaburini pamoja na wenyewe. Muuzaji anayeyajua hujitolea kuliendesha gari mwenyewe huku mnunuzi akikaa kando na kustaajabia ulaini, kumbe mguu wake ndio unaofanya kazi ambayo pete zimeshindwa. Mnunuzi hana budi kuendesha mwenyewe, akanyage klachi mara moja tu na asiongeze mafuta anaposhuka gia, ili giaboksi ijisemee.

Lile bamba lenye njia za gia, ambalo hupigwa picha kuliko sehemu nyingine yoyote, linaeleza machache, na machache hayo husomwa kinyume. Mikwaruzo myembamba kwenye kingo za njia ya pili na ya tatu ni alama ya halali ya gari lililoendeshwa. Bamba lisilo na alama yoyote katika gari la zaidi ya miaka 20 ama limebadilishwa, ama ni la gari lililofungiwa gerejini, na hali hizo mbili zote ni hasara.

Suala la magari yaliyogeuzwa linahitaji ukali zaidi. Kugeuza ni kuuondoa mfumo wa F1 kutoka 575M au 599 na kufunga klachi ya kukanyaga, liva, bamba na programu nyingine ya kompyuta. Kazi hiyo inaweza kufanywa vizuri. Karakana ya Aston Martin yenyewe huko Newport Pagnell ilitoa huduma kama hiyo kwa Vanquish ya mwaka 2001, ambayo ilikuwa imeuzwa kwa vibawa pekee. Gari lililogeuzwa na kutangazwa hivyo halina aibu yoyote. Aibu ni kulihesabu miongoni mwa zile chache zilizotoka kiwandani na gia za mkono, na anayeshuku atafute nyaya zilizofungwa tepu na mabano matupu pale ilipokaa pampu ya haidroli, kisha adai namba ya chasisi ilinganishwe na kumbukumbu za kiwanda kupitia idara ya Ferrari Classiche, ambayo hutoa cheti cha uhalisi wa gari. Muuzaji anayesema cheti si muhimu ameshajibu swali.

Kilometa chache nazo zimetukuzwa kupita kiasi. Gari lililosimama hukausha mipira inayozuia oili, na mikanda ya taimingi huzeeka kwa miaka hata pasipo mwendo, ingawa kwa 550 inabadilishwa bila kuishusha injini, tofauti na Ferrari F355. Katika miji kama Muscat na Dubai, ambako magari haya hayakosekani, joto husinyaza ngozi ya dashibodi na kufanya vitufe vya plastiki vinate vidole. Kasoro hizo ni za kawaida kwa kizazi hiki, na hazipaswi kumtisha mtu kuliko giaboksi. Kuhusu rangi, gran turismo ya V12 yafaa iwe ya buluu iliyokoza au kijivu, na viti vyake viwe vya ngozi ya kahawia. Nyekundu ni ya magari yenye injini nyuma ya dereva.

Kwa hiyo 550 yenye kilometa 60,000, kumbukumbu kamili za matengenezo, bamba lenye mikwaruzo na gia ya pili inayokataa asubuhi na kukubali baada ya safari, ni gari bora kuliko 575M iliyogeuzwa yenye kilometa 6,000 na picha tele. Anayetaka kununua na apange kukutana na muuzaji alfajiri, aagize gari lisiwashwe tangu jioni iliyotangulia, na akiikuta giaboksi yake ina joto, asiendelee na mazungumzo ya bei.