Mzigo Ndani ya Mzigo
Lori likifika mpakani Kasumbalesa na kontena, hakuna anayeuliza rangi. Huangaliwa lakiri, kisha kilichomo. Nami programu za kompyuta nazipima hivyo hivyo, hasa hizi wanazouziwa mawakala wa forodha: unaskani ankara, yenyewe inasoma maandishi. Ukweli ni kwamba unayoiona kwenye skrini haisomi kitu. Imebeba nyingine tumboni, Tesseract ya kusoma maandishi au Ghostscript ya kufungulia PDF, na kazi yake ni kuziita. Ubora wake uko katika kuita huko.

Kuupima, anza na kompyuta mpya, intaneti imezimwa. Fundi aliyeitengeneza huwa ana Tesseract yake tangu zamani, kwa hiyo kwake inakubali hata kama amesahau kuipakia. Kwako inagoma.

Ikipita hapo, ingia kwenye folda ilikosakinishwa. Programu nyingi siku hizi hujengwa kwa mfumo wa Electron, ambao kwa kawaida hufunga mafaili katika faili moja, app.asar. Hilo ndilo kontena lenye lakiri. Programu mama inasoma yaliyomo bila shida, lakini Windows haiendeshi kitu kilicho humo, maana kwake app.asar ni faili, si folda. Fundi makini huiweka ile ya tumboni nje, kwenye app.asar.unpacked au kando yake ndani ya resources. Mvivu huiacha ndani. Electron ina njia ya kumwokoa, japo si kwa kila namna ya kuita: huitoa kimyakimya hadi folda ya Temp, ikaendeshwa huko. Antivirasi nyingi hazipendi programu inayozuka Temp, nami siwezi kuzilaumu.

Kwenye Linux angalia pia ruhusa ya kuendeshwa, maana huweza kupotea njiani. Ila hapa mpakani Linux naiona kwa nadra.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha bure. Fungua akaunti ya mtumiaji, uiite Réception Deux, uweke ankara kwenye Bureau yake, yaani Desktop. Mara ya kwanza nilipojaribu hivyo, nilijibiwa kwamba C:\Users\R?ception haipo. Makosa mawili kwa mpigo: é imegeuka alama ya kuuliza, na nafasi imeikata anwani katikati, Deux ikabaki nyuma. Amri ilikuwa imeungwa kama sentensi moja ndefu, badala ya kila kipande kukabidhiwa peke yake. Bila shaka ilijaribiwa kwa jina la admin. Hapa kwetu nani anaitwa admin?

Mwisho, ipe programu ankara ya kurasa 40, na ikiwa katikati funga dirisha, kisha utazame Task Manager. Tesseract ikiwa bado inahema humo, imeachwa yatima, na kesho watakuwa wawili. Rudia, safari hii umuue mtoto, yaani Tesseract, wewe mwenyewe, mama umwache wazi. Mama mwema husema papo hapo kwamba kazi imekatika, tuseme kwenye ukurasa wa 17. Wengine huzungusha kile kiduara mpaka umeme ukatike.