Mkono Uliojua Kusitiri

Mchangani, mjini Unguja, kuna fundi mmoja mtu mzima anayeketi barazani nyuma ya cherehani ya kukanyaga, na kazi yake ni moja tu: kukunga kanga. Mteja humletea doti mpya, ingali ngumu kwa wanga, vipande viwili vingali vimeshikana. Fundi huitandaza mapajani, akatafuta pale pindo la kanga moja linapokutana na pindo la mwenzake, akapitisha mkasi polepole asile upande wowote. Pande ndefu haziguswi, maana hizo zimetoka kiwandani na kingo zake. Zile fupi hukunjwa mara mbili kwa kidole gumba, mkunjo mwembamba ulionyooka, kisha sindano hufuata. Uzi hulingana na rangi ya pindo. Mpita njia haoni tofauti yoyote. Mwenye kanga ataiona miaka mingi baadaye, rangi ikishachujuka na upindo ungali umeshika.

Wateja wake wamepungua. Siku hizi doti nyingi hupigwa ovaloki kwa dakika mbili, kwa uzi wowote uliokutwa mashinani, na nyingine hazikungwi kabisa. Huvaliwa nyuzi zikining'inia. Mtu atasema hilo ni jambo dogo. Lakini mwambao huu, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, mavazi ya stara hayakuwa kitu cha kununua na kuvaa, yakaisha hapo. Yalikuwa kazi ya mikono, na fundi wake mkuu alikuwa mvaaji mwenyewe.

Kanga moja ina urefu wa kama meta moja na nusu na upana wa kama meta moja na kidogo. Haina kifungo, haina zipu, haina mkanda. Anayeijua huifanya vazi la kiunoni, mtandio, ushungi, mbeleko ya mtoto, hata kata ya kubebea ndoo kichwani. Siri yote iko katika kufunga. Anayejifunga kifuani huvuta ncha moja hadi ubavuni, akaizungushia ya pili na kuikaza, akakunja ukingo wa juu na kuuchomeka ndani. Baada ya hapo ataweza kuinama, kukaa juu ya mbuzi akune nazi, kumnyanyua mtoto anayelia, na kanga isiteremke hata kidole kimoja. Na katika kufunga huko, jina la kanga, yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, sharti lilale sawa kwa nyuma, lisipinde, lisisomeke kichwa chini. Binti aliyetoka na jina lililogeuka aliitwa arudi ndani akajifunge upya.

Kanga ya pili ya doti hukaa mabegani, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Mlango wa nyumba ya Kiswahili hushinda wazi. Hodi ikipigwa, mkono hutangulia ulimi: kabla "karibu" haijatoka, kanga ya mabegani imeshapanda kichwani, ncha yake imepita chini ya kidevu na kutupwa juu ya bega la pili. Mgeni akiwa mwanamke wa jirani, kanga hurudi mabegani na mazungumzo yanaendelea. Akiwa mwanamume wa mbali, inabaki kichwani mpaka atakapoondoka. Hakuna kukimbilia chumbani, hakuna kutafuta pini. Bibi wa makamo alilifanya hilo kwa mkono mmoja huku wa pili ukiendelea kukoroga chungu. Hakufundishwa darasani, aliona kwa mamake, akajaribu, akachekwa, akajaribu tena.

Kujitanda huko hakukuwa haki ya kila mtu. Katika Unguja ya karne ya 19, watumwa wa kike walivaa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa kutoka Massachusetts na wafanyabiashara wa Salem, au kaniki, yaani merikani iliyochovywa nili. Kitambaa kilifungwa chini ya makwapa, mabega yakabaki wazi. Kufunika kichwa kulikuwa alama ya uungwana. Lamu na Mombasa wanawake wa nyumba kubwa walikuwa wakitoka ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa wao, hivyo stara ya mmoja ilisimama juu ya mikono ya mwingine asiyeruhusiwa kujisitiri. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, walioachwa huru waliigeukia nguo. Kanga za rangi zilikuwa zimeshaingia sokoni, na miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wakaongeza buibui. Mwanamke ambaye mama yake alinyimwa kitambaa cha kichwa alijitanda, akapita katikati ya mtaa mchana kweupe. Anayeiona stara ya mwambao kuwa ni kifungo tu na awakumbuke wanawake hao, waliojitanda kwa sababu walikuwa huru.

Biashara ilifuata mapenzi hayo. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 lingali linasimama kwa jina la Mali ya Abdulla, na mnunuzi wa Biashara Street bado hutafuta maneno hayo kwenye kanga kabla ya kuuliza bei. Kanga zimechapwa India, Ulaya na Japani. Baada ya uhuru zikachapwa hapa hapa, kama pale kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Lakini kanga iliyokungwa na kufuliwa ilikuwa bado haijawa tayari. Ilingoja udi.

Sayyida Salme binti Said, bintimfalme wa Unguja aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ulaya kama Emily Ruete, alitenga sura nzima ya mavazi ya wanawake katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Alikuwa ameishi mbali na kwao karibu miaka ishirini, katika nchi ya sufu na viatu vizito, na bado aliona vazi la nyumbani linastahili kuelezwa kwa urefu. Haishangazi. Aliyelelewa katika nyumba ya kufukiza nguo hasahau.

Kazi ilianza kwenye makaa. Yalingojwa mpaka yaive, yasitoe moshi wake yenyewe, kisha yakatiwa kwenye chetezo na kupunguzwa kwa majivu kidogo ili joto lisiwe kali. Udi hauchomwi kwa pupa. Moto ukizidi, nguo hunuka kuungua. Chetezo kilifunikwa kwa tenga, nguo zikatandazwa juu yake, moshi ukapanda taratibu ndani ya nyuzi. Zilipinduliwa, zikangojwa, zikapinduliwa tena. Aliyefanya haraka alijulikana siku ya pili, kwa sababu harufu yake ilikuwa imeshakwenda. Aliyetulia, harufu ilikaa kwenye kanga hata baada ya kuloana jasho la jikoni, na ikakaa sandukuni pia, kila kifuniko kilipofunuliwa.

Kisha maua. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, na hilo lina maana yake: hufunguka zenyewe usiku, zikiwa zimeshatungwa na kuvaliwa. Huchanganywa na mrehani, kilua na vipande vya mkadi, vikafungwa kwa uzi kuwa kikuba, kikabandikwa kifuani au nyweleni. Pamoja na hivyo hina ya mikono, wanja wa macho, liwa la mwili. Yote haya, msomaji azingatie, yalifanywa kwa ajili ya kubaki nyumbani. Jua likishatua, sahani zikishaoshwa, mwanamke aliyeshinda na kanga ya kazi alivaa doti yake nzuri, akakaa na watu wake. Uzuri wake wa kwanza ulikuwa wa ndani ya mlango. Mtaani alikwenda na udi mchache, rangi kidogo, nakshi kidogo.

Utaratibu huo umegeuka leo, na hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Nguo bora hutundikwa kabatini zikingojea harusi ya watu na picha za simu, na wa nyumbani hupewa dira lililopauka au fulana ya kampeni ya uchaguzi uliokwisha. Wanaume nao wamo. Kikoi safi cha jioni kimeachwa kwa kaptura ya mpira wa miguu, na kofia ya kushonwa kwa mkono, ambayo mshonaji wa Lamu huitumia miezi kuimaliza, tundu kwa tundu, imeipisha ya mashine inayonunuliwa mlangoni mwa msikiti.

Nje ya mlango kulikuwa na buibui la kamba. Wengi waliozaliwa baada ya miaka ya 1980 hawajaliona ila katika picha. Lilikuwa pana, jeusi, lenye kamba iliyofungwa kuzunguka kichwa kulishikilia, na kitambaa kilichobaki kikarushwa juu na kuteremka mabegani. Halikufuata umbo la mwili. Mkono ndio uliolifunga na kulifungua: ukingo ulivutwa usoni mbele ya kundi la wanaume, ukalegezwa mbele ya muuza samaki anayejulikana, ukatumika kumfunika mtoto mvua ilipoanza. Wapendanao walitambuana kwa namna tu ya kushika ukingo huo. Abaya la Ghuba lilipoingia na mikono iliyoshonwa tayari, lilileta wepesi, na hakuna ubaya kumtakia mwanamke wa kazini wepesi. Ila la siku hizi mara nyingi hubana kiunoni, humeta kwa vipande vya kioo, na mikono ya mvaaji haina tena kazi ya kufanya.

Baya kuliko yote ni kanga zisizo za pamba. Masokoni zimejaa doti za poliesta zenye rangi kali na maneno yaleyale, nafuu kwa bei. Kifundo chake huteleza, kwa hiyo mvaaji hushinda akijivuta-vuta. Hugandama mwilini, kwa hiyo humchora yule aliyetaka kusitirika. Hazinywi jasho, hazishiki udi, na cheche moja ya chetezo huzitoboa papo hapo. Binti aliyeanza na kanga hizo ataamini kwamba kanga haifungiki, atatafuta pini, na hatalaumika, kwa kuwa hajawahi kuishika ile inayofungika.

Kwa hiyo wachapaji na wauzaji wa kanga wanaombwa jambo moja tu: kanga iwe ya pamba, na isiyo ya pamba iandikwe wazi kwamba si pamba, ili mnunuzi asidanganywe na rangi. Wenye kanga za kisutu za mama zao sandukuni wazitoe zivaliwe, wala wasingoje msiba. Na msomaji ambaye bado ana bibi aliye hai ampelekee wiki hii doti moja ya pamba, amwombe aifunge polepole mbele yake, kiunoni, kifuani na kichwani, kisha yeye mwenyewe aifungue na kuifunga tena mpaka bibi aseme imekaa.