Kisa cha Fundi na Kanzidata: Uhakiki wa Talking about Machines ya Julian Orr kwa Mizani ya Fasihi Simulizi

Taaluma ya usimamizi wa maarifa katika mashirika imetawaliwa na sitiari ya ghala. Maarifa huchukuliwa kuwa mali iliyomo vichwani mwa wafanyakazi, nalo shirika hutakiwa kuitoa humo, kuihifadhi katika kanzidata na kuigawa kwa wengine kabla mwenye nayo hajastaafu au kuhama. Hata Nonaka na Takeuchi (1995), waliopinga mtazamo wa kuliona shirika kama mashine ya kuchakata taarifa, waliweka kiini cha nadharia yao katika ugeuzaji wa maarifa fiche kuwa maarifa bayana. Katika mtazamo wa namna hii, masimulizi ya wafanyakazi huwa chombo tu: kilichomo kikishamiminwa kwingine, chombo chenyewe chaweza kutupwa.

Kitabu cha Julian Orr, Talking about Machines (1996), kinatoa ushahidi unaoutikisa mtazamo huo. Orr, ambaye ni mwanaanthropolojia, aliwafuata mafundi wa kampuni ya Xerox waliokuwa wakitengeneza mashine za fotokopi katika ofisi za wateja. Kampuni iliwapa nyaraka elekezi zilizomwongoza fundi hatua kwa hatua, kutoka alama ya hitilafu hadi tiba yake. Nyaraka hizo zilichukulia kwamba hitilafu zote zinatabirika. Orr alibaini kwamba sivyo. Mashine mbili za aina moja hutofautiana kutokana na umri, matumizi na watumiaji wake. Pale waraka ulipofika kikomo, mafundi walisimuliana visa.

Tukio mashuhuri katika utafiti wake linawahusu fundi na mtaalamu aliyeitwa kumsaidia. Mashine ilitoa alama ya hitilafu isiyolingana na yaliyokuwa yakitokea. Wawili hao waliijaribu mashine, wakakumbushana visa vya mashine nyingine, wakajaribu tena, hadi maelezo yenye mantiki yakapatikana. Jambo ambalo meneja angeliita kupiga soga lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Visa vya aina hiyo vilisimuliwa pia mezani, wakati wa mlo, mbali na mashine yoyote.

Hapa ndipo nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili inapoweza kusema jambo ambalo taaluma ya usimamizi wa maarifa haijalisema kwa uwazi. Mulokozi (1989) anaitazama fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii na kutawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Mizani hii ikitumika kwa visa vya mafundi, upungufu wa ghala hudhihirika mara moja. Kanzidata ya kawaida huhifadhi fani peke yake, tena ikiwa imekwisha kupunguzwa kuwa muhtasari. Fanani hafahamiki, hadhira haina nafasi ya kuuliza, mahali na wakati, vilivyokifanya kisa kisimuliwe hivyo na si vinginevyo, vimeondolewa kana kwamba ni takataka. Msomaji anayekutana na maandishi hayo hupata jibu la swali asilolijua.

Mizani hiyohiyo inasaidia kueleza mafanikio ya mfumo wa Eureka, ambao Xerox iliuanzisha katika miaka ya 1990 kwa kutumia matokeo ya tafiti za aina ya Orr. Katika mfumo huo, fundi aliandika dokezo kuhusu hitilafu na tiba yake. Mafundi wenzake waliobobea walilipima. Nalo likasambazwa likiwa na jina la aliyelitunga. Wahakiki wa masuala ya mashirika hupenda kuueleza mfumo huu kwa lugha ya motisha: fundi huandika kwa sababu anatambuliwa. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Jina lilimrejesha fanani ndani ya maandishi, hivyo msomaji aliweza kukipima kisa kwa kumpima msimulizi wake. Upimaji wa wenzao uliirejesha hadhira, japo kwa sehemu. Kilichobaki nje ni mwingiliano wa papo kwa papo, na hicho hakuna jina wala muhuri uwezao kukirudisha.

Hata hivyo, kitabu cha Orr kina udhaifu wake. Uzito wa uchambuzi umewekwa kwenye kazi inayofanywa na visa: kutambua hitilafu, kutunza kumbukumbu na kuthibitisha umahiri wa fundi mbele ya wenzake. Umbo la visa halikupewa uzito uleule. Orr anaonyesha kwamba mafundi husimulia kwa mkato, wakiacha yale ambayo kila msikilizaji anayajua. Lakini ufupi huo ni suala la mtindo linalostahili kuchambuliwa kwa undani zaidi, kwa kuwa ndio unaomtenga mgeni na mwenyeji. Kisa kikirefushwa ili mgeni akielewe, kimekwisha kuwa kisa kingine.

Kwa upande mwingine, visa hivi vinaidai nadharia nayo ijipanue. Mbele ya mashine iliyoharibika, fanani na hadhira hubadilishana nafasi ndani ya tukio lilelile, na kisa hakina mwisho hadi mashine ifanye kazi. Fani hapa haitendwi tu mbele ya hadhira. Hutungwa na pande zote mbili, huku kitu kisichosema kikiamua kama imefaulu.

Suala hili haliishii kwenye karakana. Watafiti wanaohamishia ngano, nyimbo na visa kwenye hifadhi za kidijitali hukabiliwa na kishawishi kilekile cha kutunza fani na kuyaacha matano yaliyobaki. Visa vya mafundi wa Xerox vinafundisha kwamba teknolojia yenyewe si adui wa masimulizi. Hatari imo katika kuamini kwamba kilichohifadhiwa ndicho kilichosimuliwa. Hifadhi isiyomtaja fanani, isiyoieleza hadhira na isiyoonyesha mahali na wakati itabaki na maneno mengi, lakini anayeifungua hatajua yalisemwa kujibu nini.