Nota Isiyoishiwa Pumzi

Kila mpiga kinanda wa kanisani anaijua kazi ya kuujaza muda. Padre bado anakomunisha, mstari haujaisha, kwaya imemaliza beti zote. Wengi wetu hurudia kiitikio. Mwaka 1928 Olivier Messiaen, kijana aliyekuwa akisoma muziki Paris, alitunga Le Banquet céleste, tafakari ya Ekaristi yenye kurasa chache tu, ambayo huchukua zaidi ya dakika sita. Miguu haipigi besi. Inadondosha sauti za juu, tone baada ya tone, huku mikono ikishikilia nota kana kwamba saa imesimama.

Kinanda cha mabomba kinaruhusu hilo. Ukipiga nota kwenye piano, inaanza kufa papo hapo. Kwenye kinanda cha mabomba inabaki na nguvu ile ile maadamu kidole hakijaondoka na upepo unaingia bombani. Mwimbaji huishiwa pumzi, mpiga fidla hufika mwisho wa upinde. Nota ya kinanda haina mpaka huo. Messiaen alipata humo njia ya kuuimba umilele. Diptyque yake ya mwaka 1930 ina sehemu mbili: ya kwanza ni maisha ya duniani, imejaa mahangaiko, ya pili ni umilele wenye heri, wimbo mmoja unaopanda polepole.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa kinanda cha kanisa la Sainte-Trinité, kazi ya fundi Aristide Cavaillé-Coll, akakitumikia hadi alipofariki mwaka 1992. Wapo waumini walionung'unika kwamba muziki wake unawavuruga. Hakuacha, na nashukuru hakuacha, kwa kuwa Messe de la Pentecôte ilizaliwa na yale aliyokuwa akiyabuni papo kwa papo, Jumapili baada ya Jumapili.

Mtu huyu wa mabomba hakuuogopa umeme. Maurice Martenot, mpiga selo aliyewahi kuwa mtu wa redio jeshini, alikuwa amekionyesha Paris mwaka 1928 chombo chake cha umeme, ondes Martenot. Mpigaji anaweza kuvaa pete iliyofungwa kwenye uzi na kuitelezesha mbele ya vibao. Mkono wa kushoto unabonyeza kitufe kinachoamua sauti ijae kiasi gani. Chombo hutoa nota moja tu kwa wakati. Kwa hiyo, kwa Maonyesho ya Paris ya mwaka 1937, Messiaen aliandika Fête des belles eaux kwa vyombo sita vya aina hiyo, muziki wa kusindikiza maji na taa kwenye mto Seine. Ndani yake kuna wimbo mrefu wa taratibu ambao hauna mshono hata mmoja.

Kisha vita. Alitekwa mwaka 1940 na kupelekwa kambi ya Stalag VIII-A, Görlitz. Hapakuwa na mabomba wala ondes. Palikuwa na klarineti, fidla, selo na piano mbovu. Kwa vyombo hivyo vinne aliandika Quatuor pour la fin du Temps, ikapigwa humo kambini tarehe 15 Januari 1941. Sehemu ya tano, ya selo, ni ule wimbo wa maji wa 1937. Ya nane, ya fidla, ni sehemu ya pili ya Diptyque, imepandishwa kutoka C hadi E.

Mtu anaweza kusema alikuwa anaokoa muda. Mimi nasikia uamuzi mzito zaidi: nyimbo zilizotungwa kwa vyombo visivyochoka alizikabidhi kwa mikono inayochoka, tena yenye njaa. Mpiga selo lazima auvute upinde kwa ubahili. Piano inarudia akodi zake bila kukoma, kwa sababu kila moja inakufa.

Wengi huujua wimbo huo wa sehemu ya nane kwa fidla pekee. Messiaen mwenyewe alirekodi kazi zake za kinanda palepale Sainte-Trinité mwaka 1956, Diptyque ikiwemo. Anayetaka kuujua ufundi wake na aanzie hapo, kwenye mabomba, asikie nota inavyokaa bila kuhangaika. Ndipo aiendee fidla, ajue mpigaji anadaiwa nini.