Nasaba ya Kafeini katika Mbuni

Mwezi wa Septemba mwaka 2014, wataalamu wa mataifa kadhaa, wakiwamo wale wa taasisi za Ufaransa na wa Chuo Kikuu cha Buffalo huko Marekani, walitangaza katika jarida la Science kuwa wameisoma jenomu ya mbuni wa robusta, uleule unaostawi Bukoba na Uganda, wakahesabu ndani yake jeni 25,574. Hesabu hiyo hainistaajabishi. Linalostahili kutazamwa ni mti waliouchagua.

Robusta haujichavushi wenyewe, kwa hiyo jeni zake aghalabu huwa na nakala mbili zisizolingana, moja ya upande wa baba na moja ya upande wa mama. Basi msomaji wa jenomu akikuta maandishi mawili yanayokaribiana, si rahisi ajue kama hizo ni jeni mbili za aila moja zilizotokana na kurudufiwa, ama ni jeni moja iliyorithiwa pande mbili. Ndipo wakautumia mbuni uliotokana na mche wenye kromosomu 11 tu, zilizorudufishwa zikawa 22, kila jozi ikilingana herufi kwa herufi. Shaka ile ikaondoka kabla kazi haijaanza.

Faida yake ilidhihiri katika aila ya vimeng'enya vya kafeini, ambavyo hupachika vikundi vya methili mara tatu, hatua ya mwisho ikiigeuza theobromini kuwa kafeini. Nyanya, mmea wenye asili moja ya mbali na mbuni, iliwahi kuzidishiwa jenomu nzima mara tatu, kama mwenye duka anunuaye kwa jumla. Mbuni, tangu utengane nayo, haukupata kufanyiwa hivyo, bali uliongeza jeni zake kwa rejareja, nakala ikizaliwa ubavuni mwa asili yake, kisha nyingine tena, na baadhi ya nakala hizo zikapata wasaa wa kushika kazi mpya. Tena ilipochorwa shajara ya nasaba, jeni hizo za kahawa zilikaa pamoja, mbali na zile za chai na kakao. Nayo ni hoja ya kutosha kuwa kafeini ya kahawa ilivumbuliwa peke yake, wala haikurithiwa kutoka kwa babu mmoja wa mimea yote hiyo.

Ama kwa nini mbuni uliihitaji kafeini, iwe ni kuwafukuza wadudu au kuzizuia mbegu jirani zisiote, shajara haiwezi kuthibitisha. Ushahidi wa jambo hilo hutafutwa shambani.