Tezi, Omo na Gunia la Mkaa



Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha madaftari ya darasa langu. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameieleza methali "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" bila kosa: kwamba mtu hata atangetange vipi, mwisho hurudi kwao. Nikampa alama zote. Kisha nikamwuliza, "Omo ni nini, mwanangu?" Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, ni sabuni ya unga." Na tezi? "Ni uvimbe wa shingoni." Darasa halikucheka, nikatambua kuwa wote walidhani hivyo.

Kosa si la mtoto. Sisi walimu huigawa methali katika maana ya nje na maana ya ndani, kisha tukairuka ile ya nje kana kwamba ni ganda la ndizi. Nionavyo mimi, maana ya nje ndimo ilimohifadhiwa elimu ya wahenga juu ya maumbile na vyombo vyao. Tezi ni nyuma ya jahazi, omo ni mbele yake, na ngama ni chini kabisa, yanakotuama maji yaliyopenya baina ya mbao. Baharia na azunguke atakako, lakini asiposhuka ngamani kuyafua maji hayo, chombo kitazama.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya pwani, nasi tu watu wa bara. Hoja hiyo haina nguvu. Katika ziwa letu, ambalo Waganda huliita Nalubaale, mitumbwi ya Visiwa vya Ssese iliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mwale, kama vile mitepe ya pwani ilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Leo mitumbwi hupigwa misumari, na mingi husukumwa kwa injini. Simlaumu mvuvi, maana injini humwahisha nchi kavu kabla ya dhoruba. Hata hivyo, gugumaji lilipozifunika ghuba zetu katika miaka ya 1990, mwenye injini na mwenye kasia walikwama pamoja.

Methali za nchi kavu nazo tunazipita hivyohivyo. "Bandu bandu huisha gogo" tunaifundisha kuwa ni nasaha ya kufanya kazi kidogo kidogo. Jioni mwanafunzi yuleyule hupikia mkaa uliochomwa katika tanuri la udongo, ambamo kilo 1 ya mkaa huweza kula kilo 5 za kuni au zaidi. Gogo laisha mbele ya macho yake, naye hajui kuwa methali yamhusu.

Napendekeza, basi, kwamba kabla ya maana ya ndani mwanafunzi akione kitu chenyewe au akichore, na aulize kimetoka katika mti gani. Watahini nao watoe walau alama 1 kwa maana ya nje, kwa kuwa kisichotahiniwa hakifundishwi.

Mimi nimekwisha kulipeleka darasa langu ufukoni. Yule kijana wa sabuni aliuliza ngama iko wapi. Mvuvi hakumjibu; alimpa kopo, akamwambia, "Inama ufue maji."