Kimstari cha Chini

Mtihani wa hisabati unaoletwa steshenari muhula unapokaribia kufungwa huwa umeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari, na mwalimu aliyeuleta ana haraka. Barua ya kuomba kazi ataimaliza yeyote mwenye vidole vyepesi. Hesabu ndizo zinazowachuja wachapaji. Nimekaa kwenye mabenchi ya steshenari za kutosha kuona kwamba anayezipatia si lazima awe na kasi. Ni yule anayeielewa alama kabla ya kuigusa.

Chukua < na >. Ziko kwenye kibodi, juu ya mkato na nukta. Shikilia Shift, zinatoka. Watoto hufundishwa kwamba mdomo uliopanuka huelekea penye kingi, na kwa darasa la chini hilo latosha. Kwa mchapaji halitoshi. Mwalimu ameandika −2x < 6, na mstari unaofuata x > −3. Asiyejua ataona alama imegeuka, atadhani mwalimu kateleza, kisha “atamsaidia” kwa kuirudisha. Kumbe ukigawanya pande zote kwa namba hasi, alama lazima igeuke. Jaribu −4: ukiizidisha kwa −2 unapata 8, na 8 si ndogo kuliko 6, kwa hiyo −4 haimo. Fundi wa kweli huenda hakusoma hisabati mbali, lakini anajua kugeuka huko kuna sababu, na akiwa na shaka humpigia mwalimu simu.

Kazi hasa imo kwenye kimstari. Katiba ya Tanzania inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18. Kihesabu, umri ≥ 18. Ondoa kimstari hicho, ibaki umri > 18, na kijana mwenye miaka 18 kamili umeshamtoa kwenye foleni ya kura. Na kibodi, pamoja na wingi wa vitufe vyake, haina ≥ wala ≤.

Alama hizi zilikuja kwa zamu. Robert Recorde wa Uingereza alichapisha = mwaka 1557. < na > zilitokea katika kitabu cha Thomas Harriot, kilichotoka 1631, miaka 10 baada ya yeye kufa. Kimstari cha chini alikiweka Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734, tena yeye akaweka viwili. Wamarekani walipopanga herufi za kompyuta katika mfumo wa ASCII mwaka 1963, nafasi zilikuwa 128 tu. < ikapewa 60, = ikapewa 61, > ikapewa 62: sawa imekaa katikati ya ndogo na kubwa, mpangilio unaonifurahisha kila nikiukumbuka. ≤ ikakosa nafasi, na waandishi wa programu hadi leo wanaiandika kwa herufi mbili, <=.

Enzi za taipureta hata < ilikuwa haipo kwenye mashine nyingi. Mchapaji aliacha pengo, akalijaza kwa mkono. Kwenye stensili alitumia kalamu ya chuma, taratibu, karatasi isichanike. Kwa ≠ alipiga =, akarudi nyuma nafasi moja, akapiga mkwaju juu yake. Ukikosea, unapaka dawa na kungoja ikauke.

Siku hizi wengi wanapiga < halafu wanaipigia mstari kama vile wanavyopigia kichwa cha habari. Kwenye karatasi inapendeza. Mimi siipendi hila hiyo hata kidogo: siku mtihani utakaponakiliwa kwenda kwenye faili jingine bila mapambo yake, mstari unabaki nyuma na swali linabadilika pasipo mtu kujua. Katika Word, andika 2264 kisha bonyeza Alt na X pamoja, inakuja ≤ halisi. 2265 ni ≥, 2260 ni ≠. Acha nafasi kabla ya tarakimu hizo, la sivyo namba au herufi iliyotangulia inaweza kumezwa humohumo. Kwa hesabu ndefu kuna kisanduku cha milinganyo, Alt na =, ambamo ukiandika \le na kuacha nafasi alama inajitengeneza yenyewe.

Halafu kuna ustadi ambao msomaji hauoni kabisa. x isibaki peke yake mwisho wa mstari huku ≤ 7 imeangukia mstari wa chini. Anayejua hubonyeza Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi, na vipande hivyo havitengani tena, hata ukurasa upangwe upya namna gani.

Ndiyo maana sielewi wanaotaka ukurasa wa hesabu ulipiwe sawa na wa barua. Mwenye steshenari akidai zaidi, mlipe. Na kama alikupigia simu kuuliza kuhusu alama moja, mwongeze.